Mgongo wa Papa Wilondja

Harufu ya nailoni inayoungua haimpendezi mtu. Inakwaruza koo, inashika nguo, na ukiwa na mafua ndiyo kabisa. Juzi nilikuwa Mboko, nimekaa juu ya mfuko wangu wa muhogo nikingoja gari la kurudi Baraka, na karibu yangu mvuvi mmoja alikuwa anashona wavu wake. Kila alipofunga fundo alikata uzi, akawasha kiberiti, akaunguza ncha ili isifumuke. Mara ya kwanza nilikunja pua. Mara ya tatu nikajikuta ninalia, mwanamke mzima, mbele ya wauza ndizi. Mvuvi akaniangalia.

"Mama, moshi inakuumiza? Nihame?"

Nikamwambia ndiyo, ni moshi. Akahama, maskini, yeye na wavu wake wote, akaenda kukaa juani, na mimi nikabaki kivulini na uongo wangu. Ningemwambiaje kwamba nalilia raketi?

Papa Wilondja alifariki mvua hii iliyopita, kule Ubwari kwa binti yake. Habari ilinifikia kwa simu, nikiwa darasani, nikasema "poleni" kama mtu anavyosema, nikaendelea kuandika ubaoni. Machozi yakangoja mpaka Mboko. Ninyi wa rika langu mliokulia Baraka mtamkumbuka, au angalau mtakumbuka ile kofia yake iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, jua liwepo lisiwepo. Ndiye aliyetufundisha tenisi. Ndiyo, tenisi, Baraka. Msicheke.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya depo ya zamani ya pamba. Saruji yake ilikuwa imepasuka, majani yanatoka kwenye nyufa, na wavu wa katikati ulikuwa wavu wa uvuvi uliochoka, bado una magamba ya samaki. Wengi wenu mlidhani ni mahali pa kuanika muhogo, na hamkukosea, maana asubuhi bamama walikuwa wanauanika pale. Saa tisa tulikuwa tunawasaidia kuuzoa, tunafagia, ndipo tunacheza. Unga haukuisha kamwe. Mipira yetu ilikuwa nyeupe, miguu yetu nyeupe, na tukirudi nyumbani watu walituuliza tumetoka kinuni au wapi.

Papa Wilondja alianza utotoni kwa kuokota mipira Kalemie, kwenye viwanja vya wakubwa. Kwa kuokota akajifunza, kwa kujifunza akafundisha, mpaka akawa mwalimu wa klabu moja Bukavu kwa miaka mingi. Vita ikamfukuza kama ilivyotufukuza sisi sote. Kambini, upande wa Kigoma, aliwafundisha watoto kwa vibao vya mbao. Aliporudi Baraka kwa boti, watu wengine walishuka na magodoro na masufuria. Yeye alishuka na gunia la raketi kuukuu. Nyuzi zake zilikuwa zimekufa zote. Akazifunga upya kwa nailoni ya nyavu, kwa mkono, akivuta uzi kwa meno na kuunguza ncha kwa kiberiti. Akimaliza, alipiga nyuzi kwa ukucha, akaweka sikio, kama mama sokoni anavyogonga chungu kusikia kama kina ufa. Ikilia vibaya, aliifumua yote, akaanza tena. Tulikuwa tunakaa tumemzunguka katika ule moshi, na hakuna aliyekunja pua.

Tulianza watoto kumi na wanne. Miezi mitatu ya kwanza hatukushika raketi. Alitupatia mpira, mkono mmoja, kuutupa na kuudaka, tukisimama, tukitembea, tukirudi nyuma. "Mukono ijue mupira kwanza," alikuwa anasema. "Raketi ni mukono murefu tu." Wengi walichoka, wakarudi kwenye mpira wa miguu. Halafu ukuta wa depo: wiki nyingi za ukuta, kila mtoto na kipande chake, tok, tok, tok, mpaka watu wa jirani wakaja kulalamika. Yeye alikuwa anapita nyuma yetu polepole. Hakusema "vizuri." Sijawahi kumsikia akisema "vizuri" kwa mtu. Alisema "rudia," na akinyamaza, ndiyo sifa.

Mwishoni tukabaki wanne, na kati ya hao wanne, wawili ndio tuliokuwa tunacheza kweli: mimi na Riziki, msichana wa rika langu, jirani yake Papa Wilondja. Riziki alikuwa mrefu, mpole, mwenye miguu inayopishana kama ya ndama. Mimi nilikuwa mfupi na mwenye hasira. Hasira zangu ziko karibu hata leo, muulize mume wangu. Nikikosa mpira nilikuwa natupa raketi, nalia, natukana saruji. Papa Wilondja hakunifokea. Siku moja alikuja akanishika kiganja, akanipeleka mpaka kwenye ukuta wa depo, akakiweka pale, kwenye tofali la moto.

"Ukikosa, mama, kuja hapa. Acha hasira kwa ukuta. Ukuta haina kazi ingine. Kisha pumua mara tatu, rudi, na usihesabu pointi. Hesabu pumuzi."

Nilifanya hivyo. Mwanzoni nilifanya ili nimwonyeshe kwamba ni upuuzi. Kumbe ilikuwa inasaidia. Baada ya wiki chache nilikuwa nagusa ukuta, napumua, narudi mtu mwingine. Mpaka leo nikigombana nyumbani naenda kushika ukuta wa jikoni, na watoto wangu wanasema mama anaomba.

Alikuwa na neno moja tu la kunirudia: mguu wa kushoto. Kabla ya kupiga nilikuwa nauchelewesha, nauburuta kidogo kwenye saruji. "Ule muguu ya kushoto, mama. Inachelewa." Kila siku. Nikakasirika naye kwa ajili ya huo mguu, maana mimi niliutazama na sikuona kitu.

Sasa nieleze jambo la mgongo, kwa sababu bila hilo hamtanielewa, na pengine hata nikilieleza.

Mama yangu alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Alikuwa anazianika mchangani, ng'ambo kidogo ya soko, na sisi nyumba nzima tulinuka ndagala mpaka Jumapili kanisani. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Ukimkosea, alikuwa anakupa mgongo. Anainama juu ya ndagala zake, anazigeuza, unamwita, hageuki. Siku mbili, siku tatu. Anakupakulia chakula akiwa amekupa mgongo. Kwetu hakuna adhabu iliyozidi hiyo, afadhali fimbo. Kwa hiyo nilikua nikijua hili kama ninavyojua jina langu: mtu mkubwa akikupa mgongo, umemchosha, amekutoa moyoni.

Na Papa Wilondja alianza kunipa mgongo.

Ilianza mwaka wa pili. Riziki akiingia kiwanjani, Papa alikuwa anasimama karibu na nguzo ya wavu, uso wake kwake, anasema bila kupumzika: "Fungua bega. Muguu, muguu. Ngoja mupira, usiufuate. Sasa." Nikiingia mimi, alikuwa anageuka. Taratibu, kama mtu anayekwepa jua. Anaangalia ukuta wa depo, mikono nyuma, kofia chini, na haneni neno. Napiga mipira ishirini, thelathini, naona mgongo tu, lile shati lake la kaki lenye kiraka begani. Nikimaliza anasema, "Muguu ya kushoto," anaita mwingine.

Nilijiuliza nimefanya nini. Nilidhani ni harufu ya ndagala. Nikaanza kuoga mara mbili, na sabuni ya mama ikaisha. Nilidhani ni hasira zangu. Nikawa naenda ukutani hata nisipokosa. Nilipiga kwa nguvu zaidi, ili ageuke. Nilipiga kwenye pembe kabisa, pale mstari unapokutana na majani, mahali ambapo Riziki hakuwahi kupafikia. Hakugeuka. Nilirudi nyumbani nikilia njiani, nafuta machozi kabla ya kufika, kwa sababu mama angeuliza na mimi ningesema nini? Kwamba kuna watu wawili sasa wanaojua kunipa mgongo?

Ndipo ikaja barua kutoka Bukavu. Klabu moja kule, mahali Papa Wilondja alipofundisha zamani, iliomba mtoto mmoja kutoka Baraka. Atakaa likizo yote, atafundishwa pamoja na wenzake, na akionekana anafaa, atasomeshwa kule mpaka amalize sekondari. Mtoto mmoja. Mama alisomewa ile barua mara mbili. Jioni ile alinunua daftari jipya, akaliweka juu ya kabati, halikuandikwa jina. Nilijua ni la nani, na nilijua pia kwamba Papa Wilondja ndiye atakayemtaja mtoto, mbele ya komite ya wazazi, Jumamosi.

Wiki hiyohiyo nikagundua.

Nyuma ya kiwanja kulikuwa na mti wa ndimu, na ndimu zilikuwa zinaanguka kwenye saruji. Siku ya Jumatano tulikuwa tunaokota mipira. Papa Wilondja akainama, akapapasa, akaokota ndimu, akaitia kikapuni pamoja na mipira. Halafu akasita. Akairudisha mkononi, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaitupa. Nilisimama pale kama nimepigwa. Nikaenda mbele yake, hatua mbili tu, nikatoa ulimi. Hakusema kitu. Nikautoa tena, nikapindisha macho. Uso wake ukanipita, ukatazama mahali nyuma yangu, na chini ya ile kofia nikaona macho yake kwa mara ya kwanza karibu: yalikuwa na utando, kama maji ya mchele.

Mtoto mwenye moyo mzuri angehurumia. Najua, nimejiambia hivyo mara nyingi. Mimi nilikasirika. Nilijiambia: huyu haone, na yeye ndiye anatuchagua. Anampenda Riziki kwa sababu Riziki anamshika mkono kila siku njiani wakija, sasa nikaelewa kwa nini alikuwa anamshika mkono. Mimi nimepiga mipira yote ile, kwenye pembe zote zile, mbele ya mtu asiyeona. Nilikwenda ukutani nikaweka kiganja. Siku hiyo hasira haikubaki kwenye ukuta. Nilirudi nayo.

Jumamosi asubuhi viti vililetwa kutoka kanisani. Komite ilikaa, katikati yao Prezida, mwenyekiti wao, papa mmoja mwenye duka la vitenge, mtu wa heshima. Wazazi walisimama nyuma yao. Mama yangu alikuja. Nataka mwelewe maana yake: mama aliziacha ndagala zake mchangani, jua kali, kunguru juu, akaja kusimama pale na kitenge chake cha ibada.

Riziki akacheza kwanza. Papa Wilondja akamkabili, maneno yakamtoka kama kawaida. Riziki alicheza vizuri; sitamnyima haki yake. Kisha nikaitwa.

Nikachukua mpira mmoja mkononi, nikasimama kwenye mstari. Na Papa Wilondja akageuka. Mbele ya komite, mbele ya wazazi wote, mbele ya mama yangu ambaye alijua kuliko mtu yeyote pale maana ya mgongo, akageuka akatazama ukuta. Nikamwona mama anashusha macho. Basi.

"Papa Wilondja haone," nikasema.

Prezida akauliza, "Unasema je, mutoto?"

"Haone. Ni kipofu. Muulizeni nakamata mipira ngapi." Nikainua mkono juu na ule mpira wangu mmoja.

Hapakuwa na kelele. Nilidhani pangekuwa na kelele. Papa Wilondja akageuka taratibu mpaka uso wake ukawa upande wangu, si kwangu hasa, kando kidogo. Hakuwa na hasira. Akasema, sauti ya chini, kama tuko wawili tu kwenye ukuta:

"Piga mupira, mama. Piga moja tu. Nitabaambia yote."

Na mimi nilijua ni kweli. Hapo ndipo ninapojishika kila mara, na siwezi kujinasua. Mtu aliyeweza kusikia fundo moja baya katika raketi nzima. Mtu aliyesikia mguu wangu ambao mimi mwenyewe sikuuona. Katika sekunde ile nilielewa. Kama ningepiga ule mpira, angewaambia komite ni mkono upi, uzi upi, umeangukia wapi, mguu gani umechelewa. Angewaambia kila kitu, na wangebaki midomo wazi. Alikuwa ananiomba nimpe macho yake.

Nikaubana mpira.

"Piga, mama."

Sikupiga. Nilisimama na mkono wangu juu, unga wa muhogo unanidondokea kwenye kwapa, na sikupiga.

Prezida akakohoa. "Papa, jibu mutoto. Anakamata ngapi?"

Angeweza kubahatisha. Mtoto na mkono mmoja, atashika ngapi? Moja, mbili. Mtu mwingine angebahatisha. Yeye akavua kofia, na watu wote wakayaona yale macho.

"Sione," akasema. "Ni miaka mbili sasa, sione. Naona vivuli tu."

Prezida hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akamshika bega, akasema kwa upole, "Papa, utusamehe. Hatuwezi kuachia muntu asiyeona batoto. Na kule Bukavu, tukisema njo wewe ulichagua, batatucheka." Wakakusanya viti. Barua haikujibiwa. Mtoto wa Baraka hakwenda mwaka ule, wala miaka iliyofuata.

Mama akanishika mkono, tukaenda. Hakunipa mgongo siku ile. Alitembea kando yangu akinitazama usoni, njia nzima, na kwa mara ya kwanza maishani niliutamani mgongo wake. Tulipofika, kunguru walikuwa wamemaliza nusu ya ndagala. Daftari sikuliona tena juu ya kabati.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja ukoo, alizaliwa jioni ileile. Riziki alikuja na ndala zangu, nilizozisahau kiwanjani. Aliziweka mlangoni, akasimama. Nilitegemea anitukane; nilikuwa nimemharibia na yeye. Riziki hakujua kutukana.

"Alikuwa ameshasema jina yako," akasema.

"Jina gani?"

"Yako. Jana, tukirudi. Aliniambia nisikasirike, wewe utaenda kwanza, mimi nitafuata mwaka ingine. Nilikubali."

Nikamwambia anadanganya. Nikamwambia mtu hamchagui mtoto anayempa mgongo mwaka mzima. Riziki akanitazama kama anaongea na mgonjwa.

"Ule haikuwa mgongo, Mwavita. Ile ilikuwa sikio. Akituangalia, vivuli vinamuchanganyisha. Mimi anaangalia tu miguu yangu, hata kivuli yake anaona iko mbaya, lazima aseme. Wewe anageuka asiguswe na kitu ingine, anakusikiliza. Anasema mupira yako haiombe maneno." Akainama, akaziweka ndala sawa. "Nilitaka kukuambia. Alinikataza. Alisema ukijua anakusikiliza, utaanza kupiga kwa ajili ya sikio yake."

Akaenda. Nikakaa pale na ndala zangu. Nilipofumbua mkono kula, nikakuta bado nimeushika ule mpira.

Mngesema nilikimbia kwenda kumpigia magoti. Nyumba yake ilikuwa umbali wa kupiga kelele. Sikwenda Jumapili, nikasema yuko kanisani. Sikwenda Jumatatu. Nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Siku ya Alhamisi binti yake alikuja kumchukua kwa boti, ampeleke Ubwari. Niliwaona kutoka mchangani, nimeinama kati ya ndagala za mama nisionekane. Riziki alimshika mkono mpaka majini. Gunia la raketi hakulichukua. Boti ikaondoka, na nikajiambia nitamwona akirudi. Hakurudi. Bamama wakaanza kuanika muhogo pale hata mchana, na hakuna aliyewaomba wauzoe. Mpira niliutia ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda, nikalifunga.

Miaka ikapita kama inavyopita. Riziki yuko Uvira, anashona nguo, tunapigiana simu wakati wa sikukuu, na hatuligusi hilo jambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la pili. Sasa nisikilizeni. Kuna siku, miaka michache iliyopita, mtoto mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, na mimi nilikuwa nimesimama ubaoni, mikono nyuma, nimemgeuzia mgongo. Ndivyo ninavyofanya. Nikiwatazama naona kamasi, naona shati lililochanika, sisikii herufi. Nikigeuka nasikia kila kitu: pale anapobahatisha, pale anapoogopa, pale anaposoma kweli. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miaka bila kujiuliza nimejifunza wapi. Yule mtoto alikuwa anasoma vizuri sana, nami nikazama katika kumsikiliza. Akakoma katikati ya sentensi.

"Madamu," akasema, "nimekukosea nini?"

Nililiomba darasa zima linisubiri. Nikatoka nje, nikashika ukuta wa shule.

Jumamosi ile nilikwenda Ubwari. Nililitoa kopo chini ya kitanda, nikautia mpira mkobani, nikapanda boti. Njia nzima ziwani nilikuwa napanga maneno, yaleyale, na safari hii niliyapanga vizuri. Nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na katikati, nilikuwa na pale nitakapopiga magoti.

Nyumba ya binti yake haikuwa mbali na maji. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kofia ileile au ndugu yake, wavu umemfunika magoti. Alikuwa anafunga mafundo kwa kupapasa, na binti yake kando anaunguza ncha kwa kiberiti. Harufu ikanipokea kabla ya watu. Binti alinikaribisha, akanipa kigoda, akaingia ndani kuleta maji.

"Ni nani?" Papa Wilondja akauliza.

Maneno yote niliyoyapanga yakaanguka ziwani. "Mupita njia, Papa," nikasema. "Naomba maji tu."

Vidole vyake vikasimama juu ya fundo. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akipiga nyuzi kwa ukucha.

"Ule muguu ya kushoto," akasema, "ingali inachelewa."

Akaendelea, bila haraka. "Mutoto wa mama ya ndagala. Mama yako iko muzima?"

"Iko muzima, Papa."

"Na wewe, ulicheza tena?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye fundo lake. Hakuuliza kwa nini. Nikafungua mkoba, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekataa, nikautoa mpira. Nadhani alisikia zipu, au alisikia unga. Sijui alisikia nini. Akanyoosha shingo.

"Ni ule?"

"Ni ule."

"Basi piga, mama. Nisikie."

Raketi sikuwa nayo. Nikasimama, nikachukua hatua, na nitasema ukweli, niliuwahisha mguu wa kushoto. Nikautupa mpira kwa mkono kwenye ukuta wa nyumba, kama alivyotufundisha kabla ya yote. Ulipiga ukuta, pu, ukaanguka chini yake hapohapo. Haukurudi. Papa Wilondja alikuwa ameshageuka, amenipa mgongo wake wote, anasikiliza. Alikaa hivyo kitambo, kama anangoja wa pili.

"Huu mupira umekufa," akasema mwishoni. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama fundi anayeambiwa atengeneze kitu. "Uliuweka siku nyingi sana."

"Ndiyo, Papa," nikasema, na katika yote niliyokwenda kumwambia, hilo tu ndilo nililomwambia.